Majiko Matatu, Chupa Moja

Siku ya kwanza Maneno kumtia machoni Mwanvita, dada huyo alikuwa anagombana na muuza samaki kuhusu barafu. Si samaki. Barafu.

Ilikuwa Jumamosi, mwaka wa tisini na nne, mwaka wa mgao wa umeme. Soko kuu la Morogoro lilikuwa limefurika mpaka getini: karoti na kabichi za Mgeta zimemwagwa chini, mitumba imening'inizwa juu ya vichwa vya watu kama bendera za nchi zisizojulikana. Katikati ya zogo hilo Maneno alikuwa anapita na chupa sita za chai, tatu kila mkono, anapaza sauti, "Moto! Moto huo, jamani, moto!" Watu wote walimpisha isipokuwa mmoja.

Huyo mmoja alivaa koti jeupe la maabara juu ya gauni la bluu lenye vitone, kichwani kilemba cha kitenge kilichofungwa kwa pupa, na miguuni raba zilizoganda udongo mwekundu wa milimani.

"Kaka, perege wako wazuri, lakini siwataki," alikuwa anasema. "Nataka barafu tu. Nigawie hata kilo moja."

"Barafu bila samaki utaila na nini?" muuza samaki akauliza.

"Na ugali," Maneno akadakia.

Dada akageuka taratibu. Alikuwa na macho ya kupima, yale yanayomfanya mtu akumbuke kwamba hajanyoa ndevu.

"Wewe nani?"

"Maneno."

"Nimekuuliza jina, sijakuuliza ugonjwa wako."

Muuza samaki alicheka mpaka akamgawia barafu. Maneno naye alisimama pale na chupa zake sita, mikono inaungua, hana habari.

Tangu siku hiyo akawa na kazi mbili, kuuza chai na kumngoja Mwanvita apite.

Kibanda chake kilikuwa ubavuni mwa duka la dawa la Mwaisha, mama mmoja mnene, mcheshi, mwenye simu ya mezani ambayo mtaa mzima uliitumia kama kisima. Kila asubuhi mafundi cherehani, makarani na wenye maduka walileta chupa zao za chai, wakazipanga kwenye kaunta ya Maneno na kwenda kufungua milango yao. Zilikuwa zinafanana kama mapacha, chupa za Kichina zenye maua mekundu zilizojaa madukani tangu biashara iwe ruksa. Na pale kaunta palikuwa na sheria ambayo haikuandikwa popote: kifuniko kikikaa sawasawa, chupa imeshajazwa, kikigeuzwa mdomo juu, chupa inaomba chai. Maneno alipita na birika lake la tangawizi, anamimina bila kuuliza, kama mtu anayemwagilia bustani.

Mwanvita alikuwa mzaliwa wa Kinole, juu kwenye milima, na alikuwa anasomea shahada ya pili katika biolojia ya chembe hai na vinasaba, kwenye chuo kilichokaa chini ya milima hiyo hiyo. Alitafiti ugonjwa ulioanza kumaliza migomba ya kwao. Jumapili walipanda wote mlimani mpaka Morningside, yeye akichuma majani ya migomba na kuyaandika namba, Maneno akibeba kapu na kulalamika.

"Wenzangu wanatembea na wachumba wao wakila karanga," alisema siku moja, jasho linamtiririka. "Mimi nabeba wagonjwa."

"Punguza domo, mpenzi. Wagonjwa wanahitaji utulivu."

Alikuwa amemwita mpenzi kwa mara ya kwanza. Maneno hakulalamika tena mpaka walipofika mjini, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika historia yake.

Miezi minne ikapita hivyo. Kisha ikaja Ijumaa ile.

Walikuwa wamekaa kwenye benchi la kibanda, mawingu yameufunika mlima mpaka kiunoni. Mwanvita alikuwa anachezea kikombe, hanywi.

"Jumatatu saa tatu asubuhi wafadhili wanakuja," alisema. "Wanataka kuiona picha inayoonyesha kirusi kwenye majani yangu. Wakiiona, napelekwa Ulaya miaka miwili kumalizia utafiti. Wasipoiona, mradi unafungwa na mimi narudi Kinole."

"Kinole pazuri."

"Nikafanye nini Kinole, Maneno? Migomba ya mama imebaki kumi na moja!"

"Na mimi nitabaki na ngapi? Miaka miwili, Mwanvita! Utarudi na mzungu mwenye ndevu nyekundu, mnanunua chai kwangu, mnaniachia chenji."

"Usianze."

"Ningekuwa na ubavu," Maneno alisema, na mdomo wake ukamtangulia kama kawaida, "ningeichemsha hiyo Ulaya yako kwenye sufuria mpaka ikauke."

Mwanvita alicheka, lakini kicheko kilikatika katikati. Aliondoka bila kumalizia chai.

Kesho yake, Jumamosi, mzigo aliokuwa anaungoja kwa miezi mitatu ulifika alfajiri kwa basi kutoka Dar. Ulikuwa kichupa kimoja kidogo kama kidole cha mtoto mchanga. Ndani yake mlikuwa na kimeng'enya, kitu kinachochukua kipande cha kirusi kisichoonekana na kukitolea nakala, nakala juu ya nakala, mpaka ziwe mamilioni na jicho liweze kuziona. Kisipokuwepo hicho, hakuna picha. Barafu ya safari ilikuwa imeyeyuka, basi Mwanvita alinunua nyingine kwa yule yule muuza samaki, akakifunga kichupa kwenye mfuko wa nailoni, akakitumbukiza pamoja na vipande vichache vya barafu ndani ya chupa ya chai ya bwenini kwao. Ilikuwa ya Kichina, yenye maua mekundu.

Saa moja na nusu asubuhi alifika kibandani. Maneno alikuwa amekwenda bombani. Mwaisha akapiga kelele kutoka dukani kwake, "Wewe mtoto, kimbia! Profesa wako yuko kwenye simu, anapiga kutoka Dar!" Mwanvita aliiweka chupa kaunta, kivulini. Kifuniko kilikuwa kinavuja maji ya barafu, kwa hiyo akakigeuza mdomo juu kikauke. Akakimbia.

Maneno akarudi na ndoo mbili. Akakuta chupa kumi na mbili, vifuniko juu, na wateja wanne wanaita kwa pamoja. Akashika birika.

Ya tisa ilijaa upesi kidogo kuliko wenzake. Alikuwa hajategemea, na tayari chai inafika shingoni. Mkono wake ukasita.

"Maneno! Maandazi yangu yanapoa!" mtu akaita.

Akabana kizibo, akageuza kifuniko kikakaa sawasawa, akaenda ya kumi.

Simu ya profesa ilikatika mara tano, ikangojewa mara tano. Profesa Benedikto alitaka kusomewa kila namba ya kila jani. Mwanvita alirudi kibandani karibu saa tano, uso unang'aa, kilemba kimekaa upande.

"Kila kitu tayari, mpenzi! Leo jioni umeme ukirudi nawasha mashine." Akashika chupa yake shingoni. Akaiachia. Akaishika tena kwa mikono yote miwili, kama mtu anayepapasa paji la uso la mgonjwa.

"Maneno," alisema polepole. "Hii mbona moto?"

Akafungua kizibo. Harufu ya tangawizi ikapanda baina yao.

Chai ilimwagwa pale pale chini. Kichupa kilitoka mwisho, ndani ya mfuko wake, kimefungwa vizuri, na cha moto.

"Kifuniko kilikuwa juu," Maneno alisema. Alisikia jinsi maneno yale yalivyokuwa membamba. "Kifuniko kikiwa juu ni kujaza. Kila mtu anajua..."

"Kila mtu nani? Mimi niliambiwa lini?"

"Mwanvita, wallahi sikujua."

"Jana ulisemaje? Ungeichemsha Ulaya yangu kwenye sufuria mpaka ikauke. Ndivyo ulivyosema, umekaa hapo hapo!" Mafundi cherehani walikuwa wamesimamisha mashine zao. "Hongera. Umeichemsha. Wewe ni mtu mdogo, Maneno. Una domo kubwa, lakini mtu mwenyewe mdogo."

Akaondoka, koti jeupe limepata doa la chai mgongoni. Maneno aliokota kizibo chini. Kilichomkaba hakikuwa tusi, ila ule mkono uliosita. Alijiuliza kama kweli hakujua, au kuna sehemu ndani yake iliyojua ikanyamaza.

Mchana alipiga simu maabara kutoka kwa Mwaisha. Ikapokelewa.

"Hallo?"

"Mwanvita, nisikilize kidogo..."

Tuu, tuu, tuu. Akapiga tena. Safari hii hata hallo hakupata.

"Mwache apoe," Mwaisha alishauri, anahesabu vidonge. "Mimi marehemu mume wangu nilimnunia wiki tatu kwa ajili ya kuku."

"Yeye hana wiki tatu, mama. Ana siku mbili."

Jumapili saa mbili asubuhi Maneno alikuwa anafagia kibanda kilichofungwa, kwa sababu hakujua pengine pa kwenda, simu ilipolia kwa Mwaisha. Mama akatoa kichwa dirishani, macho yamemtoka.

"Ni yeye."

Maneno aliruka ndoo.

"Hallo? Mwanvita?"

"Una majiko mangapi?"

"Nini?"

"Majiko ya mkaa, Maneno. Mangapi?"

"Manne. Moja limetoboka."

"Nataka matatu. Na sufuria tatu zenye mifuniko, na maji safi. Nakuja." Alikuwa anaongea kama karani. "Kimeng'enya hiki asili yake ni vidudu wa chemchemi za maji moto, kama yale ya Kisaki. Kinastahimili joto. Lakini kimekaa ndani ya chai yako zaidi ya saa tatu, na hakuna kitabu kinachoniambia kama kimepona. Sina njia ya kujua ila kukijaribu."

"Na mashine je?"

"Umeme wa jana niliupoteza kwa hasira. Leo unarudi saa kumi na mbili jioni, unakatika saa tatu. Ni muda wa saa tatu tu. Zinatosha kunakili au kupiga picha, hazitoshi vyote viwili. Kunakili inabidi nifanye mchana, kwa mkono. Na usidhani nimekusamehe."

"Sijadhani."

Alifika saa nane mchana na kisanduku cha barafu chenye vichupa kumi na vinne alivyoviandaa, kipimajoto na saa ya mkononi. Hakumsalimu. Alipanga sufuria tatu nyuma ya kibanda, chini ya paa la bati, akaeleza mara moja tu jinsi zitakavyofanya kazi ya mashine. Ya kwanza digrii tisini na nne. Ya pili hamsini na tano. Ya tatu sabini na mbili. Vichupa vitakaa dakika moja, dakika moja, dakika mbili, kisha vinarudi mwanzo. Mara thelathini.

"Vikizama je?"

Mwanvita akakwama. Hilo hakuwa amelifikiria. Maneno akavua kandambili yake ya kushoto, akachukua kisu, akaikata soli, akaitoboa matundu kumi na nne kwa msumari wa moto. Vichupa vikakaa ndani ya matundu hayo na kuelea kama bata.

Mwanvita alitazama soli, akatazama mguu mtupu. Akawasha saa.

"Moja. Ingiza."

Hapo ndipo Maneno alipojua kwa nini alikuwa amepigiwa yeye simu. Moto wa mkaa hauna kitufe. Ukipuliza unapanda, ukiuacha unalala. Lakini yeye alikuwa ameishi na mkaa miaka tisa. Alinyunyiza majivu jiko la pili, akatoa makaa mawili la tatu, akaongeza upawa wa maji ya baridi, akafunika, akafunua. Kipimajoto kilisimama pale alipotaka kisimame. Mwanvita akawa anasoma namba na nyusi zake zinapanda.

"Sita. Toa."

"Jana uliniita mtu mdogo mbele ya watu."

"Sabini na mbili inapanda, angalia. Niliita."

"Mbele ya mafundi."

"Ulisema utanichemshia Ulaya. Saba. Ingiza."

"Nilitania!"

"Unatania kila kitu, Maneno! Mtu atajuaje siku unayosema kweli?"

Mara ya saba ikaisha. Kisha ya nane. Kisha ya tisa. Macho yalikuwa yanawawasha kwa moshi, au ndivyo kila mmoja alivyotaka mwenzake aamini.

Mara ya kumi na saba, Maneno alisema huku ameinama juu ya jiko, "Nikuambie la kweli?"

"Sekunde arobaini. Sema."

"Chupa yako ilijaa upesi. Nikahisi kuna kitu ndani. Mkono ukasita. Ningeweza kuchungulia, sikuchungulia."

Mwanvita aliinua uso. "Ulijua ni yangu?"

"Sikujua. Lakini usiku kucha najiuliza. Kwa sababu ni kweli sitaki uende. Ukinitaka niapie kwamba sikutaka, hilo siwezi."

Saa ilikuwa inatembea. Mwanvita alimkodolea macho.

"Dakika!" Maneno akapiga kelele. "Dakika imepita!"

Alikurupuka, akahamisha soli. Sekunde tano zilikuwa zimezidi. Akafunga macho, akafungua. "Kumi na nane," alisema, na sauti yake haikuwa tena ya karani.

Mara ya ishirini na mbili, mlima ulifanya ulichokuwa umekusudia tangu Ijumaa. Mvua ilishuka yote kwa pamoja. Bati la kibanda lilikuwa na tundu moja ambalo Maneno aliapa kila mwaka kuliziba, na tundu hilo lilikuwa juu kabisa ya sufuria ya pili.

"Hamsini na moja!" Mwanvita akalia. "Hamsini! Inashuka!"

Maneno alinyakua sinia la maandazi, akalikinga juu ya sufuria. Maji yakagonga sinia, yakamwagikia mgongoni mwake, yakamwingia kwenye shati. Kwa mguu wenye kandambili alisukuma jiko, kwa mkono uliobaki akaupepea mkaa kwa kifuniko.

"Hamsini na tatu... Hamsini na tano. Hapo hapo! Usitikisike."

"Zimebaki ngapi?"

"Nane."

"Hesabu tu. Sitikisiki."

Alisimama hivyo kwa zaidi ya nusu saa, mikono inawaka, meno yanagongana. Mara ya ishirini na sita Mwanvita alivua koti lake jeupe lenye doa la chai, akamtupia mabegani. Mara ya ishirini na tisa alisema, bila kumtazama, "Neno lile la jana nalirudisha. Mbele ya mafundi pia nitalirudisha."

"Thelathini," Maneno akajibu. "Toa."

Aliondoka na vichupa vyake mvua ikipungua. Alikimbia kuwahi umeme.

Saa mbili na nusu usiku Maneno alikuwa amekaa dukani kwa Mwaisha, kaveshwa kanga ya Mwaisha, anaitazama simu. Mama aliacha kumtania, jambo lililomtisha zaidi. Saa tatu kasoro kumi, ikalia.

Upande wa pili palikuwa na pumzi tu.

"Mwanvita? Sema basi. Hata kama ni mbaya, sema."

"Ipo," alinong'ona. "Maneno, mistari ya kirusi ipo! Imefifia kama wino uliomwagiwa maji, lakini ipo. Migomba saba migonjwa, mistari saba. Mitano mizima, haina kitu. Vichupa viwili vya kuhakikishia kipimo navyo vimejibu kama inavyotakiwa. Nimeipiga picha."

Mwaisha akapiga vigelegele, dawa zikatikisika kwenye makabati. Maneno alifumba macho. Katika kifua chake furaha na kitu kingine viliingia mlango mmoja, vikabanana.

"Hongera, mpenzi," alisema. "Safari hii sitanii."

"Najua. Nasikia."

"Basi nisikilize na hili, nalo sitanii. Nataka kukuoa. Nenda Ulaya, ukae miaka yako miwili. Ila nataka uende ukiwa na mtu."

Kwa mbali mlinzi alisikika akigonga mlango.

"Umeme unakatika, wanafunga," Mwanvita alisema. "Siwezi kukujibu hivi, nimesimama kwenye giza. Nipe muda."

Tuu, tuu, tuu.

Jumatatu wafadhili wakaja, wakaiona picha, wakatia sahihi. Habari hiyo Maneno aliipata kwa Mwaisha. Jumanne kimya. Jumatano akaliziba lile tundu la bati. Alhamisi mafundi cherehani walimweleza kwamba dada wa koti jeupe alipita alfajiri, akawaambia, "Yule ni mtu mkubwa," kisha akapanda gari la Kinole. Hawakujua atarudi lini. Ijumaa Maneno alichemsha chai akasahau sukari, mtaa mzima ukamhurumia na kumlaani kwa wakati mmoja.

Jumamosi alitoka bombani na ndoo mbili. Chupa kumi na mbili kaunta, vifuniko juu. Kumi na moja alizijua. Ya kumi na mbili ilikuwa na maua mekundu kama wenzake, ila shingoni ilikuwa imefungwa kipande cha soli ya kandambili chenye tundu moja.

Aliweka ndoo chini. Wateja wakaita, hakusikia. Akafungua kizibo, akachungulia. Akaigeuza juu ya kiganja. Kikadondoka kichupa kidogo kama kidole cha mtoto mchanga, kikavu, na ndani yake karatasi iliyokunjwa mara sita.

"Kwetu neno la mwisho ni la mjomba," mwandiko mdogo wa kitafiti ulisema. "Nimeshamweleza. Amesema hakujui, lakini chai ya tangawizi anaijua. Leta wazee Kinole Alhamisi. Ndege ni tarehe ishirini. Usichelewe hata sekunde tano."

Maneno aliinua macho. Ng'ambo ya barabara, mlangoni kwa muuza samaki, gauni la bluu lenye vitone lilikuwa limesimama, mikono imefungwa kifuani, linamngoja ajaze, arudishe kifuniko sawasawa.

Akachungulia ndani ya chupa mara ya pili, ahakikishe haina kitu kingine. Ndipo akainua birika, akamimina mpaka shingoni, polepole, asidondoshe hata tone.